Kompresa Mpya, Mabomba Machafu

Wewe unayesoma hapa, pikapu ile uliiona. Usitikise kichwa. Ilikupita ukiwa umesimama kando ya barabara, nawe ukajifunika uso kwa mkono na kugeukia upande wa pili mpaka vumbi likatua. Nyuma ilibeba mbuzi. Mbele, kati ya dereva na mwanamke aliyevaa jilbabu, alikaa mtoto aliyevuta pumzi kama anayenyonya chai kwa mrija ulioziba. Ungetazama kidogo tu ungemwona. Hukutazama. Vumbi lilikuwa jingi, ulikuwa na haraka zako, na mtoto hakuwa wako.

Mtoto huyo anaitwa Hamse. Anaishi Biyo Gudud, kijiji kidogo unachokifikia ukiiacha lami upande wa Modogashe na kufuata njia ya vumbi jekundu hadi mgongo ukuume. Ana ugonjwa wa pumu. Biyo Gudud haina hospitali wala gari la wagonjwa. Gari hilo tuliahidiwa. Naikumbuka siku ya ahadi, naukumbuka hata wimbo ambao watoto waliimbishwa wakiwa wamesimama juani. Gari halijaja. Basi wagonjwa wa Biyo Gudud hubebwa na pikapu ya mbuzi ya Abdiwali, kaka wa mama yake Hamse.

Siku ile uliyogeuka, AC ya pikapu ilikuwa imekufa zamani. Abdiwali alipofungua madirisha, vumbi liliingia na kifua cha mtoto kikabana. Alipoyafunga, ndani kukawa tanuri na mtoto akalegea shingo. Fungua, funga, fungua, funga, safari nzima. Walifika hospitali mjini Garissa midomo ya Hamse imegeuka rangi kama ya mtu aliyeramba wino. Alipona, lakini daktari alimwambia mama yake waziwazi: "Safari nyingine kama hii, sijui."

Sasa utanyamaza usikilize yaliyofuata.

Hamse ana dada anayeitwa Qali. Qali yuko gredi ya saba, na huishi Garissa kwa mjomba wake Abdiwali ili awe karibu na shule. Yeye humwita mjomba "abti", na mjomba naye humwita yeye "abti", kwa maana ndivyo desturi ya Wasomali ilivyo: mjomba na mpwa huitana kwa neno lilelile moja.

Jumamosi moja ya msimu wa upepo, Qali aliamka kama kawaida. Aliswali, akajaza maji mapipa mawili, akala anjera kwa chai ya maziwa, kisha akatoka kufuta kioo cha pikapu. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kila Jumamosi. Alikuwa bado anakwangua madoa ya wadudu kwenye kioo Abdiwali alipotoka nyumbani mbio, simu sikioni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Nimekusikia, Sadiyo. Nimesikia! Leo hii hii." Akakata simu. "Mama yako. Upepo umeanza huko. Hamse anakohoa tangu jana."

"Na daktari wa kifua?" Qali aliuliza. Daktari huyo alikuja Garissa kwa nadra, na kila mtu mwenye mgonjwa wa pumu aliijua siku yake.

"Anaona watoto Jumatatu. Akishaondoka, hatujui atarudi lini." Abdiwali alivaa kiatu cha pili akirukaruka. "Kompresa imeshafika kwa basi la Nairobi. Tunaifunga asubuhi hii, adhuhuri tunaondoka, kesho tunarudi na mtoto ndani ya baridi. Panda, abti. Fundi Warsame anahitaji mtu wa kumshikia vitu."

Kompresa ndicho kile kipande cha chuma kinachozungushwa na injini ili kusukuma gesi ya AC kwenye mabomba. Ile ya zamani ilikuwa imejisaga yenyewe mpaka ikakwama. Fundi mmoja wa huko nyuma aliifungia injini mshipi mfupi ulioiruka kompresa, akasema gari litatembea hivyohivyo. Ni kweli lilitembea. Hivyo ndivyo vitu vyetu vingi vinavyotembea.

Gereji ya Warsame ilikuwa kibanda cha mabati kando ya soko la mifugo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye ndevu nyekundu za hina, na alipoinama chini ya boneti alilalamika kama ngamia anayepakiwa mzigo. Mara tu walipofika, dereva mmoja wa lori aliyekuwa akingoja tairi lake lizibwe alianza kelele.

"Abdiwali! AC ya nini? Mbuzi wako wamelalamika joto?"

"Mbuzi wangu wana adabu. Hawalalamiki wala hawaulizi ya watu."

"Wallahi, ngamia amevuka nchi hii yote bila AC."

"Ngamia hana pumu," Qali alisema.

Dereva akaenda kuangalia tairi lake.

Warsame aliing'oa kompresa ya zamani na kuimimina juu ya karatasi. Kikatoka kitone cha oili nyeusi, nzito, kilichojaa unga unaometameta. Aliusugua kati ya vidole viwili na kuwaonyesha.

"Mnaona? Hiki ni chuma. Kompresa hii ilijila, na unga wake umeenda kwenye mabomba yote. Nikifunga mpya sasa hivi, itakula unga huu huu na itakufa vilevile. Mabomba lazima yaoshwe kwanza. Halafu kile kichupa cha kuchujia, ile draya, nacho kibadilishwe."

"Itachukua muda gani?" Abdiwali aliuliza.

"Muda wake."

"Warsame, mtoto anakohoa!"

"Na mimi naosha," Warsame alijibu. Kisha akampa Qali kitambaa cheupe. "Wewe una macho mazuri kuliko sisi. Mimi nasukuma dawa ya kuoshea na hewa kutoka huku. Wewe simama pale mbele, kwenye mdomo wa bomba, uweke kitambaa. Kikitoka na kitu, sema 'bado'. Kikitoka bila kitu, sema 'safi'. Mimi sitaweza kuacha pampu nije kuangalia, kwa hiyo neno lako ndilo nitakalofuata. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Alisukuma. Bomba lilipiga chafya, na kitambaa kikawa cheusi.

"Bado!" Qali alisema.

Alisukuma tena. Kitambaa kilitoka kahawia, na ndani yake vumbi la fedha.

"Bado!"

Abdiwali alikuwa akizunguka pikapu. Alizunguka upande huu, akazunguka upande ule, funguo zikilia kwenye kidole chake. Alitazama jua. Alipigiwa simu, akaongea, akakata, akapiga mwenyewe. Kila alipopita nyuma ya Qali, Qali alihisi kivuli chake kinamsukuma.

"Bado," Qali alisema tena.

"Bado nini sasa?" mjomba alifoka. "Hilo bomba linafika Mogadishu? Sadiyo anasema watu huko hawaonani kwa vumbi."

Warsame alisukuma mara nyingine. Safari hii kitambaa kilitoka karibu cheupe. Karibu. Katikati palikuwa na chembe chache nyeusi.

Qali alizitazama zile chembe, na mawazo yake yakaenda kwa nyanya yake, Ayeeyo Hamda, kule Biyo Gudud. Ayeeyo haoshi chombo cha maziwa kwa maji, kwa maana maji ni haba. Huwasha vijiti vya mti wenye harufu nzuri, akaviingiza ndani ya chombo vikiwaka, akakifunika na kukitikisa mpaka moshi ukiingie vizuri. Maziwa ya ngamia yakimiminwa humo, chembe ndogo za makaa huelea juu. Mgeni akiziona hufurahi. Ayeeyo husema chembe nyeusi ndizo ushahidi kwamba chombo kimesafishwa na mwenye kujua kazi. Maziwa yasiyo na chembe hata moja, yeye huyatilia shaka.

"Ni kama za Ayeeyo," Qali alijiambia. "Chembe kidogo si uchafu."

Lakini aligeuza kitambaa kwenye mwanga, na chembe zikang'aa. Makaa hayang'ai. Qali amekunywa maziwa yale tangu azaliwe, na hajawahi kuona kaa linalong'aa.

"Vipi huko?" Warsame aliita.

Abdiwali alisimama. Funguo zikanyamaza.

"Safi," Qali alisema, akakikunja kitambaa upesi na kukisokomeza mfukoni.

"Alhamdulillahi!" Abdiwali alipiga makofi. "Na hiyo draya, Warsame, mpya tutaitafuta siku nyingine. Si mabomba yameshakuwa safi?"

Warsame alikuna ndevu zake. Angeweza kutembea hatua chache aje aone kitambaa. Hakutembea. "Haya," alisema. "Kama mabomba ni safi."

Basi kompresa mpya ikafungwa. Warsame alitia oili yake maalumu, akavisha mshipi mrefu, akaunganisha pampu iliyonyonya hewa yote kutoka kwenye mabomba, kisha akaingiza gesi. Injini iliwashwa. Hewa iliyotoka kwanza ilikuwa ya moto, halafu ya vuguvugu, halafu Abdiwali akapiga kelele kama aliyeona mvua.

"Naa Qali! Njoo uonje!"

Hata yule dereva wa lori aliingiza kichwa chake dirishani. "Wallahi, hii ni baridi ya Limuru," alisema, na hakutaka kukitoa.

Waliondoka adhuhuri ikishaswaliwa. Baridi ilimpuliza Qali magotini, lakini mikono yake ilikuwa na jasho. Alikaa upande, akakaa wima, akainama, akakaa upande tena. Kitambaa mfukoni kilikuwa kama kaa la moto kwenye paja.

"Una nini, abti?" mjomba aliuliza. "Siafu?"

"Hamna kitu."

Waliiacha lami. Njia ya vumbi iliwapokea kwa mashimo yake, na upepo ukaanza kulipiga gari ubavuni. Hapo ndipo sauti ilipoanza. Ilikuwa ndogo, nyembamba, kama nyenje aliyejificha chini ya boneti. Kri, kri, kri.

Qali alimtazama mjomba. Mjomba alitazama njia. Kisha alinyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio.

Nataka uelewe jambo hili vizuri. Abdiwali aliisikia ile sauti. Ameendesha magari tangu ndevu zake hazijaota, na anajua nyenje hawaishi ndani ya injini. Aliisikia, akaongeza redio.

Kri, kri, kri. Qali alianza kufikiri haraka. Akisema sasa, watarudi nyuma, na huenda Jumatatu ikapita na daktari akaenda zake. Mjomba atakasirika, mama atalia, na watu wote watajua kwamba yeye ndiye aliyesema safi. Asiposema, huenda kompresa ikavumilia. Huenda. Na isipovumilia, itakufa wakati wa kurudi, katikati ya vumbi hili, Hamse akiwa amekaa hapa hapa alipokaa yeye. Fungua, funga, fungua, funga. Alimwona kaka yake mdogo amelegea shingo. Alimwona vizuri kabisa.

"Abti, simamisha gari."

"Unataka kutapika?"

"Simamisha gari, na uizime AC. Izime, abti!"

Abdiwali alisimamisha. Qali alikitoa kitambaa, akakikunjua juu ya dashibodi, mahali jua lilipopiga. Chembe ziling'aa.

"Haikuwa safi," alisema. "Niliona. Nikasema safi."

Mjomba alikitazama kitambaa kwa muda. Alizima AC, akafungua mlango, akashuka, akalipiga teke tairi. Vumbi lilimpiga usoni naye akalipiga teke tairi tena. Kisha akarudi dirishani.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua."

"Mtoto anatungoja kule! Anatungoja!"

"Ndiyo maana nasema sasa," Qali alijibu, machozi yakimtoka, "kabla hajapanda."

 Abdiwali alipanda nyuma ya pikapu, mahali pa mbuzi, akasimama juu ya ukingo wake ili simu ipate mtandao. Qali aliisikia sauti ya Warsame ikitoka kwenye simu, kali kama ya mtu aliyeamshwa.

"Imeanza kulia? Basi msiiwashe tena, hata kwa dakika moja! Geuza gari uje."

Walirudi madirisha yakiwa wazi, wakimeza vumbi. Walipofika gereji, Warsame alikuwa ameshatandika karatasi chini. Aliing'oa kompresa mpya na kutazama chujio dogo lililo mdomoni mwake. Lilikuwa limejaa unga unaometameta. Aliizungusha kwa kidole polepole, sikio lake likiwa karibu nayo.

"Haijakwaruzika," alisema mwishowe. "Mngefika Biyo Gudud na kurudi, mngeleta hapa jiwe." Akamgeukia Qali. Qali alikuwa amejiandaa kutukanwa. "Nilikwambia kazi ya macho ni yako. Lakini gereji ni yangu. Nilichoka kuinama na kuinuka, nikaona neno la mtoto linanitosha. Haya, chukua kitambaa kingine. Safari hii tunaangalia wote wawili."

Walianza upya. Rejeta ndogo ya AC, ile iliyo mbele ya gari, ina vijibomba vyembamba kama mishipa ya jani, na unga ulikuwa umejificha humo. Warsame alisukuma, Qali akashika kitambaa, kisha kila mara Warsame akaacha pampu, akaja akilalamika, akaangalia kwa macho yake. Abdiwali hakuzunguka gari tena. Alienda kutafuta draya mpya, akazunguka gereji za mji mzima mpaka akaipata.

Dereva wa lori naye alikuwa bado yupo, kwa sababu tairi lake lilizibwa vibaya likatoa pumzi tena. "Haya, msichana wa 'safi'!" aliita akicheka. "Leo jioni unasema nini?"

"Nasema bado," Qali alijibu bila kuinua kichwa. Na aliendelea kusema bado mpaka mwadhini wa magharibi alipoita, na asubuhi ya Jumapili akasema tena bado, mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia, wakakigeuza juani huku na huku, hakikung'aa kitu.

Jumapili jioni waliingia Biyo Gudud. Nyumba zilikuwa zimefifia ndani ya vumbi. Hamse alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, mikono kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka. Alimwona dada yake akataka kucheka, kikohozi kikamkatiza.

Alfajiri ya Jumatatu upepo haukuwa umelala. Mama yao, Sadiyo, alimpakata Hamse mbele, Qali akajibana mlangoni, madirisha yote mawili yakafungwa, na Abdiwali akawasha AC.  Wote walikuwa wakisikiliza. Redio ilikuwa imezimwa. Walipita mabonde makavu, wakawapita ngamia waliofumba macho dhidi ya mchanga, wakapita lori lililoshindwa kuona njia na kusimama, na chini ya boneti hapakulia nyenje. Nje kulikuwa kwekundu. Ndani kulikuwa na hewa safi na baridi, na Hamse aliivuta, akaitoa, akaivuta.

"Abti," alisema kwa sauti ndogo, "hii hewa umeinunua wapi?"

"Kwa dada yako," Abdiwali alijibu. "Ni ghali sana."

Upepo uliwachelewesha. Walipofika hospitali, benchi la nje lilikuwa tupu na daktari wa kifua alikuwa akifunga mkoba wake. Karani aliwaambia kwamba muda wa watoto umekwisha, warudi daktari atakapokuja tena.

Sadiyo alisimama mlangoni, mtoto begani. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hakikutetemeka. "Daktari, mimi hapana kuja kuomba sadaka. Mtoto hii iko na bumu. Njia yetu ni mbaya, sisi hapana tengeneza hiyo njia, nyinyi hapana tengeneza. Mtoto amefika akiwa hai. Sasa kazi ni yako."

Daktari aliutazama mkoba wake. Alimtazama Hamse. Akaufungua mkoba tena.

Hamse alipimwa kifua mbele na nyuma. Alipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo pamoja na chupa kubwa ya plastiki ya kuivutia, na daktari akamfundisha mama namna ya kuitumia kila asubuhi, si siku ya kikohozi peke yake. "Ameletwa kwa wakati, na ameletwa vizuri," daktari alisema. "Kwa upepo wa leo, nilitarajia kuona mtoto aliyezidiwa."

Baadaye waliketi kivulini nje ya wodi. Hamse alikuwa amelala, kifua chake kikipanda na kushuka bila vita. Hapo Qali alimweleza mama yake kila kitu, kitambaa, chembe, na neno "safi". Hakuacha kitu.

Abdiwali alikohoa. "Na mimi, Sadiyo, niliisikia kompresa ikilia. Nikaongeza redio."

 Mama alisema kwa Kisomali, kwa hasira, lakini hasira yake haikuwa ya Qali peke yake.

"Watu watatu, pamoja na fundi, kwa gari moja," alisema. "Macho sita. Na kila mmoja alingoja mwenzake ndiye aone. Qali, wewe ulitia uongo mdomoni kwa sababu ulimpenda kaka yako na ulitaka kufika haraka. Nimeelewa. Lakini kupenda hakuoshi bomba. Uongo unaosemwa kwa mapenzi huua sawasawa na uongo mwingine. Na chembe za Ayeeyo usizisingizie. Ayeeyo huacha makaa kwenye chombo kwa kuwa anajua ni makaa. Wewe ulijua ni chuma."

"Ndiyo, hooyo," Qali alisema. Hooyo ni mama.

"Sasa nisikilize upande wa pili. Ulipokuwa katikati ya njia, hakuna aliyekuuliza. Ungenyamaza, na kompresa ingekufa, tungesema ni bahati mbaya, ni majaliwa ya Mungu. Tumezoea kumbebesha Mungu uzembe wetu. Ulisema ukweli wakati ulikuwa bado unaweza kusaidia. Ukweli ukichelewa sana huwa ni wa kusomewa maiti. Wako ulikuja kabla ya hapo. Kumbuka hivyo: kazi ifanywe yote, na anayeona aseme, hata kama ni mtoto, hata kama wakubwa wamesimama na funguo mkononi."

Abdiwali aliinamisha kichwa. "Hilo la funguo ni langu," alisema.

"Ni lako," dada yake alijibu.

Hadithi ya Qali imeishia hapo, kwenye benchi la hospitali. Yako bado. Mahali ulipo, sasa hivi, kuna kitu ambacho wakubwa wanakiita kizima na wewe unajua kimeoza. Pengine ni tangi la maji la shule ambalo panya ameoza ndani yake. Pengine ni waya ulio wazi ukutani mwa darasa la wadogo. Pengine ni mwenzako anayekohoa damu na amekuomba usiseme. Usiniambie wewe ni mdogo. Usiniambie mwalimu mkuu anajua, mzazi anajua, chifu anajua. Wote wanajua, na tangi bado lina panya. Funga kitabu hiki. Inuka hapo ulipokaa. Nenda kwa mtu mzima aliye karibu zaidi, umshike mkono, umpeleke mpaka mahali penyewe, umwonyeshe kwa kidole. Akigeuza uso, tafuta mwingine. Nenda sasa, maana kuna mtu anakunywa maji hayo wakati huu unaposoma.